Figo au Moyo

Tunduma, Alhamisi, Julai 2011

Sasa nimwamini nani? Tamthilia ile ile ya kigeni ya hospitali, kipande kile kile, mzee yule yule aliyevimba miguu. Jumapili, kwenye CD ya jirani yangu Mama Rehema, mtafsiri anayeongea juu ya sauti za waigizaji alisema ni figo. Leo nimeazima nyingine kwenye kibanda cha CD, imetafsiriwa na mtu mwingine, naye anasema ni moyo. Daktari mwenyewe midomo inamcheza vilevile.

Ningecheka, lakini miguu ya mume wangu, Baba Neema, imevimba hivyo hivyo. Nikiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Yeye anasema ni kukaa ndani ya lori siku nne akisubiri kuvuka mpaka. Habari za hospitali hataki kuzisikia.

Mwishoni yule mzee anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, mlango unafungwa. Mtafsiri wa kwanza alisema anapelekwa kupasuliwa. Wa leo amesema mochwari.

Jioni nilikuwa namvua Baba Neema viatu, vimegoma kutoka. Akaniuliza, kama anayeuliza bei ya mahindi, "Yule mzee wenu wa kwenye TV, alipona?"

Nikamwambia alipona. Hata yule mtafsiri wa kwanza hakusema hivyo.