Diski Kwenye Mkoba

Jumatatu, 11 Februari 2013

Beji za shule ya Ainabkoi bado. Uzi wa kijani unakatika tangu asubuhi. Mashini ya kudarizi inanung'unika, kompyuta inayoiongoza inanung'unika, na mimi pia. Mwalimu mkuu ametuma beji mpya kwa imeli. Haifunguki. Programu yetu inasema haiijui.

Wafula, fundi wetu wa kompyuta, amekuja na wimbo wake uleule. XP, Windows tuliyo nayo, imezeeka, mwaka ujao walioitengeneza wanaiacha. Programu mpya ya beji inataka Windows 7, ile anayoiita Seven. Chebet, mwenzangu mzaliwa wa hapa, anataka tubadilishe mwezi huu huu, kabla sweta za muhula wa pili hazijaanza. Duka ni letu wawili, kwa hiyo bila neno langu hakuna kitu. Nimesema mashini ni ya zamani, Seven haitaitambua. Nimesema tungoje uchaguzi upite.

Jioni nimeng'oa diski ya kompyuta kama kawaida. Nimeifunga kwa sweta ya mtoto, nikaitia mkobani, nikaenda nayo nyumbani. Wafula hucheka. Ananiita mwanamke anayekwenda sokoni na mafiga yake. Acha acheke. Yeye 2008 alikuwa kwao Bungoma. Kibanda changu hapa Eldoret kiliungua katika ghasia za uchaguzi, na kompyuta ndani, na beji za shule zote, kila moja niliyoichora mwenyewe. Tangu hapo kazi yangu hailali dukani.

Jumatano, 13 Februari

Nimemwomba Wafula anieleze polepole. Kuweka Seven ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Halafu atafunga kasha kwa skrubu, na diski haitatoka tena. Anasema kung'oa kila jioni kumelegeza waya, nitaiua siku moja.

Basi swali si Seven. Swali ni kama naweza kuiacha kazi yangu ilale mjini, na mimi nilale.

Muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara amefunga. Vitanda vimepakiwa kwenye lori la kanta. Mkewe ameniambia wanakwenda matanga. Matanga gani ya kwenda na vitanda?

Wakubwa wa makabila yaliyopigana 2008 wameshikana mikono, picha zao ziko kila ukuta. Watu wanasema sasa ni amani. Mimi nauliza moyoni: wao wakiwa kitu kimoja, sisi wengine tuliotoka Kisii na Busia tumesimama wapi? Siulizi kwa sauti.

Jumamosi, 16 Februari

Mwanangu Duke amekwenda Kisii kwa baba yake. Shule haijafunga. Nimemwambia mwalimu wake kuna harusi. Kumbe na mimi nina matanga yangu.

Jumanne, 19 Februari

Kompyuta imekataa kuwaka. Kioo cha buluu, maandishi meupe, basi. Wafula amepuliza, amekaza waya, ikarudi. Safari hii hakucheka, na hilo ndilo limenitisha zaidi. Anasema haitapona mara nyingine.

Nimerudia yangu: mashini haitatambulika, tungoje. Chebet alikuwa anapanga uzi. Alisema bila kugeuka.

"Mama Duke, si mashini unaogopa. Unaogopa sisi."

Ni yeye aliyenitafuta baada ya moto. Alileta mashini, mimi nikaleta mkono wa kuchora. Tumekula sahani moja tangu siku ile. Nilipaswa kukana. Sikukana kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 21 Februari

Chebet amenakili beji zote kwenye flashi yake, tayari kwa Seven. Nilimwona akiitia kifuani. Sasa ana mashini na ana beji. Mimi nimebaki na nini? Wazo baya. Nimelifukuza, limezunguka nyumba likaingia kwa mlango wa nyuma.

Mchana kaka yake amepita dukani, akaniuliza nitasafiri lini. Siku hizi kila mtu Eldoret anauliza hivyo, kama kuuliza habari ya watoto. Lakini alitazama meza yangu. Ama alitazama saa iliyo juu ya meza. Sijui. Nimerudia kichwani mpaka sijui nilichoona.

Nimekubali Seven. Wafula atakuja Alhamisi ijayo. Nimekubali ili waache kuniangalia.

Jumapili, 24 Februari

Mahubiri ya amani. 2007 pia tulihubiriwa amani. Nimekaa karibu na mlango.

Jumatano, 27 Februari

Nimekimbia. Sina neno lingine. Nilimwambia Chebet naenda Plateau kumwona mgonjwa hospitalini, nitarudi kesho mapema kabla Wafula hajafika. Diski ilikuwa mkobani tayari. Kompyuta nimeiacha tupu.

Chebet alinipa machungwa nimpelekee mgonjwa. Aliyachagua mwenyewe, akasema nimwambie apone.

Niko Kisii. Duke amekula machungwa yote. Mimi sikuweza hata moja.

Jumatatu, 4 Machi

Watu wanapiga kura. Mimi nimejiandikisha Eldoret, kwa hiyo sipigi. Redio tangu asubuhi. Baba Duke ananiambia nile. Chakula kinakataa. Simu ikilia nafikiri ni moto. Alikuwa shangazi, anataka kujua bei ya maharagwe. Nilimjibu kwa ukali, maskini.

Chebet hajapiga tangu nilipoondoka. Wala mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Wametangaza mshindi. Kimya. Mara ile tulisikia kelele mtangazaji akiwa bado anasoma. Leo nimesimama uani nikitega masikio, kana kwamba Eldoret inasikika kutoka hapa.

Jioni Chebet amepiga. Duka lipo. Mji umetulia, watu wananunua maziwa. Amesema nikae mpaka roho itulie. Hakuuliza mgonjwa. Hakuuliza diski. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu mkuu wa Ainabkoi amenipigia kulalamika. Alikwenda dukani na oda ya sweta za shule nzima, Chebet akamrudisha. Alimwambia mwenye beji amesafiri, angoje arudi. Nimemuuliza, hakukuambia kwamba anazo kwenye flashi? Flashi gani, akauliza.

Nimekaa nyuma ya jikoni mpaka Baba Duke akaja kunitafuta. Chebet angeweza kudarizi bila mimi. Wafula angemwazima kompyuta siku hiyo hiyo. Amekaa na mashini iliyonyamaza, beji zote ziko kifuani pake, na anarudisha wateja.

Nina aibu. Bado naogopa. Nilidhani aibu ikiingia woga utatoka, kumbe vinakaa chumba kimoja bila kugombana.

Jumapili, 17 Machi

Baba Duke anasema nifungue duka hapa Kisii. Diski ninayo, mkono ninao. Ni kweli. Ningelala vizuri. Nimefikiria hilo tangu tulipotoka kanisani.

Lakini kila nikiliwazia duka hilo jipya, hayupo mtu wa kupanga uzi.

Jumanne, 2 Aprili

Korti ilimaliza kesi ya uchaguzi Jumamosi. Pasaka imepita. Nimerudi Eldoret, Duke nimemwacha kwanza.

Chebet alinimiminia chai. Akauliza kama mgonjwa ameamka. Nikasema ameanza kutembea. Akasema vizuri, lakini asikimbie tena, atavunjika mguu. Tukaishia hapo.

Nimempa Wafula diski kwa mkono wangu. Imefutwa. Nilitoka nje wakati ikifutwa, nikasimama kando ya barabara kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Banda la muuza mitumba bado limefungwa.

Niliporudi Seven ilikuwa karibu kumaliza, inauliza jina la mwenye kompyuta. XP yetu iliandikwa User, basi. Wafula alieleza kwamba jina litatokea kwa herufi kubwa kila tukiwasha, mteja yeyote akisimama kaunta ataliona. Nikamwambia aandike Duka.

"Duka halijui kuchora," Chebet alisema. "Andika yako, Mama Duke. Yote."

Wafula akanisukumia kibodi. Jina langu la pili mtu wa hapa akilisoma hana haja ya kuniuliza nimetoka wapi. Nilikosea herufi, nikafuta, nikaanza tena. Esther Nyaboke. Likatokea, jeupe juu ya buluu.

Mashini ilisumbua kidogo, ikatambulika. Beji mpya ya Ainabkoi imefunguka. Tumedarizi mpaka saa ya kufunga, na Wafula amekaza skrubu zake, diski ikiwa ndani.

Kabla ya kutoka nimegeuza kioo cha kompyuta kidogo, jina lisitazame mlango. Chebet aliniona. Alichukua ufunguo, akaningoja nje.