Desi Amekataa Chupa

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali. Nimemwogesha Adela, nimemvisha sweta mbili, nimempeleka chekechea. Desi mgongoni. Cherehani imefunikwa tangu Jumamosi, siku utumbo wa dada Leokadia ulipojisokota na gari la wagonjwa likamkimbiza Mbeya. Shemeji yuko naye. Watoto wao wamebaki kwangu, mtaa wa Katandala. Mimi mama yao mdogo, ambaye sijawahi kuzaa. Nilidhani nitaweza.

Desi ana miezi minne, hataki chupa. Anaisukuma kwa ulimi, anageuza uso, analia mpaka sauti inakauka.

Jumanne, 10 Juni

Dada amepasuliwa. Bado hajitambui vizuri. Shemeji alisema hivyo tu, akakata simu.

Chupa, hapana. Kijiko, matone machache, mengine yanaishia shingoni. Nilijifunga khanga ya dada ili mtoto asikie harufu ya mama yake. Akatafuta titi, akakuta langu halina kitu. Tukalia wote wawili. Ninajichukia.

Jumatano, 11 Juni

Zahanati. Desi amepungua uzito. Nesi kasema asiponyonya mpaka kesho, atalazwa.

Wakati narudi, Mama Swaumu alikuwa amesimama mlangoni kwake. Ni jirani, mke wa dereva wa lori. Ana mtoto mchanga, Swaumu. Tulikuwa watu wa salamu tu.

"Namsikia tangu jana," akasema. "Nimnyonyeshe?"

Nikaanza kumfungua Desi mgongoni.

"Maziwa ninayo, mdogo wangu. Ila tukapime damu kwanza, ili wote tuwe na amani."

Yeye ndiye aliyetaja vipimo. Mimi ningeona aibu. Tukapanda bodaboda kurudi zahanati, kila mmoja na mtoto wake. Nesi akampima, akasema hakuna tatizo, anyonyeshe tu. Nikampigia shemeji. Nikamweleza.

"Anyonye, shemeji," akasema. "Anyonye."

Desi alinyonya macho kayafumba, ameng'ang'ania ushungi wa yule mama kwa ngumi. Sijaona kitu kizuri kama kile.

Alhamisi, 12 Juni

Kanyonya. Kalala. Kakojoa nguo zote nilizofua. Nimefua tena kwa furaha.

Ijumaa, 13 Juni

Mbaya. Tumbo la dada limeingia usaha, wamemrudisha chumba cha upasuaji. Ninataka kwenda Mbeya. Nikienda, hawa nimwachie nani?

Adela kauliza kama mama yake amekufa. Nilikuwa natafuta uongo wa kumwambia. Mama Swaumu, kakaa mkekani, watoto wawili mapajani, akanitangulia.

"Hajafa. Anaumwa sana, madaktari wako naye. Tukijua kitu tutakwambia. Hatutakuficha."

Adela akamtazama muda mrefu. Kisha akaomba ugali. Ninamheshimu mwanamke huyu kuliko watu wengi niliowahi kuwaheshimu.

Jioni mume wake karudi na lori kutoka Mpanda. Niliogopa. Wengine wangekataa, na tusingewalaumu. Akamwinua Desi juu, akacheka. "Basi huyu sasa ni kaka yake Swaumu wa kunyonya, dini haiwaruhusu kuoana. Mchumba atatafuta nyumba nyingine."

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza. Nilisali kwa hasira. Mama Swaumu alibaki na watoto wote, akaniambia nisikimbie kurudi.

Nimetoka kanisani, simu. Shemeji. Homa imeshuka, dada anaongea; akampa simu. Swali lake la kwanza: Desi anakula nini? Nilimweleza. Simu ikarudi kwa shemeji, akasema dada amelala.

Nilikaa na wasiwasi mchana kutwa. Labda amechukia.

Jumamosi, 28 Juni

Wamerudi. Dada amekonda, anatembea ameinama, mkono tumboni. Adela alimgusa kwanza kwa kidole, kama anajaribu kitu cha moto, ndipo akamkumbatia miguuni. Desi hakumlilia ambebe. Dada aliliona hilo. Maziwa yake yamekauka.

Mama Swaumu aligonga, akasitasita mlangoni. Dada alijisogeza kitandani taratibu, akampapasia nafasi kando yake.

"Kaa hapa, dada. Mwanao ana njaa."

Akakaa. Desi akanyonya. Dada aliweka kiganja chake juu ya mguu wa mtoto, hakukiondoa. Wakaanza kuongea polepole, habari za mavuno ya ulezi na baridi ya mwaka huu.

Nikatoka kuanua nguo.