Sumaku ya Mama Mkwe

Nimejifungia chooni kwa wakwe zangu. Sitoki!

Unajua leo niliwinda njiwa na baba mkwe. Mezani nikamhubiria kwamba marisau yake, zile punje za bunduki, ya madini ya risasi ni sumu, yangu ni ya chuma, na njiwa wote sahanini nimewaangusha mimi. Wote! Nani alinituma?

Mama mkwe akatema punje ya marisau, akanigeukia. “Hii yako, baba?”

Nikajibu kwa madaha, “Jaribu sumaku, mama. Chuma hunasa.”

Akabandua sumaku ya friji.

Haikunasa.

Akatema punje ya pili, nayo haikunasa. Hakuna iliyonasa!

Baba mkwe akaendelea kutafuna taratibu. “Mkwe wangu amesema kweli. Marisau yake hayana madhara. Waulizeni njiwa aliowalenga.”