Jaia ni Nani?

Mirta, nitapasuka. Tumetoka sasa hivi kwenye mahojiano ya kuhamia Israeli na mama kaharibu KILA KITU.

Miezi minane nahangaika na makaratasi! Nusu ya ofisi za Buenos Aires zinanijua kwa sura. Na cheti cha polisi kinaisha muda baada ya wiki tatu, unajua nilivyokisotea.

Afisa kauliza swali moja tu: "Cheti cha kuzaliwa kinasema Rebeca. Barua ya rabi ya kuthibitisha Uyahudi wako inasema Jaia. Jaia ni nani?"

Mama, bila wasiwasi: "Ni mimi, nilipougua."

NILIPOUGUA, Mirta!!

Ikabidi nieleze mimi. Kwamba alipokuwa na miaka sita homa ilitaka kumwondoa, rabi akamwongezea jina Jaia, yaani uhai, ili malaika wa mauti akija kumtafuta Rebeca asimpate.

Afisa wala hakucheka. Akasema, "Basi, mama, mwombe rabi aandike upya, Rebeca peke yake. Wiki ijayo mnapita."

Mama akasema hapana. Eti hapana!!

Nikambana kwenye lifti. "Mama, malaika gani tena? Miaka sabini imepita!"

Akafungua pochi, akatoa majibu ya vipimo vya moyo. Ya Jumanne. Siku zote hizi kayaficha, Mirta, na mimi namgombeza kwa ajili ya mihuri.

Akaniambia, "Mwanangu, ukifuta Jaia, nabaki Rebeca. Na Rebeca ndiye anayetafutwa."