Gari la Mikate na Fundi wa Kila Kitu

Kibandani, Jumamosi jioni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote, na kwamba lile goti lako limepunguza ukorofi tangu baridi ilipoisha. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana, tena anakusalimu huku anacheka, na sababu ya kicheko chake utaijua ukiendelea kusoma. Watoto wanakula, wanakua, wanabishana. Kibanda kiko palepale, na wiki hii nimepokea cherehani sita, moja ikiwa na familia nzima ya panya ndani ya kabati lake.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo mfukoni. Dada, tunajuana. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, na mara nyingi unaimalizia vizuri kuliko nilivyokusudia. Hili la leo nataka nilimalize mwenyewe. Mwachie binti yako tanuri, ukae chini, usome mpaka mwisho.

Ni habari ya lile gari. Najua unavyolihitaji. Tangu yule mwenye kigari cha kubebea mikate yako alipohama, umekuwa ukisambaza kwa mkokoteni, na maduka matatu yamekwisha kukuambia kwamba mkate unaofika saa nne hauna mnunuzi. Najua pia kwamba akiba uliyojinyima miaka yote hii inatosha gari moja tu, na hilo moja likiwa bovu utafunga tanuri. Kwa hiyo uliposikia kwamba mama mmoja muuguzi mstaafu, wa mtaa wetu huku, anauza gari lake dogo kuukuu kwa bei nafuu, ukaniagiza mimi nikalikague, na ukasema nikilikubali utalipa bila hata kuliona, hamu ya kula iliniisha.

Nilikwenda Alhamisi. Ulinipigia nikiwa ndiyo kwanza nimesimama getini, mwenye gari yuko ubavuni kwangu, ukaniuliza nalionaje. Mpaka hapo nilikuwa nimeona rangi yake tu, bluu iliyopauka juani, nikakujibu kwamba ni zima kabisa. Ukashukuru, ukakata simu. Dada, neno lile lilinitoka kabla sijatazama hata tairi moja. Na jana nilipokuomba usubiri kulipa kwa sababu ya karatasi za gari, karatasi hazikuwa na tatizo lolote. Zimepangwa kwenye faili kwa miaka, maana yule mama ni mtu wa utaratibu hata sabuni yake ya kunawia ina saa zake.

Ukweli ni kwamba mimi na magari hatufahamiani. Nilisimama mbele ya gari lile nimeweka mikono nyuma, nikasema moyoni kwamba bora nife na tai shingoni kuliko kuuliza boneti inafunguliwa wapi. Nikaingia ndani. Chini ya usukani nikaona kijiti cha kuvuta, nikakivuta. Mbele hakikufunguka kitu. Kilichofunguka ni kifuniko cha mafuta, kule nyuma. Basi nikashuka taratibu, nikazunguka kama niliyekusudia, nikainama, nikachungulia lile tundu la mafuta kwa muda wa heshima, nikalifunga, nikasema mmh.

Yule mama akabadilika uso. Alisema mafundi wawili waliokuja kabla yangu kutaka kulinunua walikimbilia injini, hakuna hata mmoja aliyeanzia huko.  Nikarudi ndani kutafuta kijiti kingine, nikakipata kando ya kiti, nikakivuta kwa nguvu, na kiti kikaanguka nyuma pamoja na mimi. Nikabaki chali nimekodolea macho paa la gari. Nikasema tena mmh. Hapo mama wa watu akaishiwa. Akaniambia kwamba anajua nimeshaliona lile doa, kwamba ni kweli paa linavuja upande wa dereva mvua ikiwa kubwa, na kwamba hakuwa na nia ya kunificha.

Doa lenyewe sikuwa nimeliona, Dada. Nililitafuta baada ya kuambiwa.

Baadaye alinieleza kwa nini alitishika. Miaka thelathini na mbili ya wodini imemfundisha kwamba daktari anayeongea sana hana habari mbaya. Wa kuogopwa ni yule anayetazama, anaguna na kunyamaza. Wale mafundi wawili waliongea tangu getini mpaka getini, wakamuuliza gari lina tatizo gani, akawajibu halina, wakaridhika. Mimi nilinyamaza, na kila niliponyamaza yeye alifunguka. Nikisimama karibu na mlango wa nyuma, ananiambia kwamba ndiyo, liligongwa upande ule, ndiyo maana mlango haufunguki wala haufungiki mpaka uunyanyue kidogo. Nikitazama mita ya kilomita, anakiri kwamba ilisimama mwaka juzi, hivyo nisiiamini. Nikigusa gia, anasema namba mbili inataka kubembelezwa. Alinifungulia boneti kwa mkono wake mwenyewe, na kabla sijainama akawa amekwisha kunionyesha rejeta inapodondosha maji na dumu analojazia kila asubuhi.

Kwenye injini nilitambua kitu kimoja tu, mkanda. Mkanda naujua. Niliubonyeza kwa dole gumba kama ninavyobonyeza wa cherehani, nikaona umelegea, nikamwambia umelegea. Hiyo ndiyo sentensi pekee ya kitaalamu niliyoitoa siku ile, na naisema hapa kwa fahari. Nilipima pia buti kwa futi yangu. Ukikunja kiti cha nyuma zinaingia trei nane za mikate, si saba wala tisa, na hilo naweza kukuapia.

Tulipomaliza akanikaribisha sebuleni, chai. Pembeni kulikuwa na cherehani ya miguu imefunikwa kitambaa, nikauliza inafanya kazi. Akasema imegoma tangu mwaka uliopita, inakata uzi. Nikakunja mikono ya shati. Nikafungua, nikasafisha, nikageuza sindano iliyokuwa imewekwa kinyume, nikarekebisha mkazo wa uzi, na kabla chai haijapoa ikawa inashona mstari ulionyooka. Nilipoinua kichwa nikamkuta ananitazama kwa jicho la wodini. Akaniambia kwamba gari nimelishika kwa vidole viwili, lakini cherehani nimeishika kwa mikono yote, na akaniuliza mimi ni fundi wa nini hasa.

Nilishusha mikono ya shati. Kisha nikamwambia. Nikamwambia kwamba sijui gari hata kidogo, kwamba tundu la mafuta lilikuwa bahati mbaya na kiti kilikuwa ajali. Mama yule alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho, akasema nimemtoa siri zote ambazo wenye ujuzi wawili walishindwa kuzitoa. Kisha akatulia, akauliza gari ni la nani. Nilipomweleza habari ya mikate na mkokoteni na akiba yako, kicheko kilimkauka. Alisema hatapokea hata senti ya mtu wa namna hiyo kabla gari halijachunguzwa na anayejua, na bei ile aliyokutajia iko chini kuliko wale wawili walivyotaka kumpa, na haitapanda.

Anayejua alikuwepo, ila alikuwa amesafiri kwenda kumwona mwanawe aliyejifungua, ndiyo maana Alhamisi nilikwenda peke yangu. Ni jirani yangu wa kibanda cha pili, yule mrefu mwenye kofia tunayemwita Twiga. Unamjua. Uliwahi kuniambia nimfukuze, kwamba anashinda kibandani kwangu ananipotezea muda na kunywa chai yangu. Amerudi jana. Leo asubuhi tumekwenda naye, akalipandisha gari kwa jeki, akalala chini yake hadi nikadhani amesinzia, akaliwasha, akalisikiliza, akaliendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi.

Hukumu yake ni hii. Injini ni nzima, haili oili, moshi wake hauna rangi. Breki zinashika. Chini hakuna kutu ya kutisha. Yote aliyokiri mama ni ya kweli, na zaidi yake kuna beringi ya gurudumu la mbele kushoto inalia na inatakiwa kubadilishwa mapema. Mkanda umelegea, na hapo alinipa mkono. Kwa safari fupi za asubuhi, gari lile litakubebea mikate miaka kadhaa bila kukuaibisha, mradi rejeta na beringi vitengenezwe kwanza. Kwa safari za mbali usilitume. Alisema angekuwa na dada anayeoka mikate, angemnunulia.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito. Mke wangu amepita hapa, amesoma juu ya bega langu, ameniambia niandike tu.

Dada, Twiga hakuanza kazi hii leo. Pasi yako ile ya kwanza, ni yeye. Feni ya shemeji, pampu ya maji, saa ya ukutani ya marehemu baba iliyosimama wiki aliyofariki na ambayo ulilia nilipoileta ikigonga, ni yeye. Redio zote tatu. Mashine yako ya kukandia unga, ile uliyosema hakuna fundi mwingine duniani angeifufua, nilimpelekea usiku huohuo na kuirudisha asubuhi nimejipaka grisi mikononi ili ionekane ni kazi yangu. Miaka ishirini na sita mimi nimekuwa mchukuzi tu kati ya nyumba yako na kibanda chake. Hajawahi kunidai sifa hata moja. Anakunywa chai yangu, basi.

Unakumbuka ilivyoanza? Mwaka ule nilifeli mtihani, nikawa sina mbele wala nyuma, baba haniangalii mezani. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza cherehani moja tu, ya jirani. Wewe ukaja kutambulishwa ukweni, ukanichukua nikusindikize, na mkweo alipouliza huyu kijana anafanya nini, kila mtu wa kwetu akainamisha kichwa isipokuwa wewe. Ulisema mbele ya watu wote kwamba mimi ni fundi, natengeneza kila kitu. Mzee akafurahi, akaenda ndani, akatoka na redio mbovu akanikabidhi. Ningefanya nini? Lilikuwa neno zuri la kwanza kusemwa juu yangu mwaka mzima. Sikuwa na moyo wa kukurudishia. Na kadiri miaka ilivyokwenda, ulivyozidi kujivunia, ndivyo nilivyozidi kuogopa, mpaka Alhamisi niliposimama pale getini nikakaribia kuitupa akiba yako yote ili tu uendelee kuniita Fundi. Hilo ndilo linalonichoma. Redio nilikudanganya kwa kujipenda, nawe hukupoteza kitu. Hili lingekuangusha.

Nisamehe, Dada. Sina maelezo mengine.

Msalimie shemeji, umwambie feni ikisumbua asinipe mimi. Wabusu wapwa zangu. Na gari, uamue mwenyewe, maana kesho asubuhi, utakapokuwa unausoma mstari huu, litakuwa nje ya mlango wako. Mwanamke mwenye miwani aliyekupa bahasha hii ndiye mwenyewe. Muulize lolote, hatakuficha. Huyo mrefu mwenye kofia, aliyeshika dumu la maji kwa ajili ya rejeta, ndiye fundi. Mpe mkono, umshukuru kwa kila kitu tangu ile redio, kwa sababu shukrani zote zile nilizila mimi.

Mimi niko kiti cha nyuma. Nimejiambia sishuki mpaka nisikie sauti yako. Ukiwa na hasira, niache humohumo nirudi nilikotoka, nitaelewa. Lakini ukiweza, njoo uunyanyue mlango kidogo, uniite mdogo wangu. Hilo tu linanitosha.

Akupendaye siku zote,

Mdogo wako,
fundi wa cherehani