Kikapu cha Bibi Ninachokifumua kwa Siri

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Neno hili sijamwambia mtu, hata mama: kila mchana bibi yangu anaposinzia, mimi nafumua kikapu anachokisuka, nakisuka upya, naye akiamka anadhani ni kazi ya mikono yake.

Ni kikapu cha arusi ya Priska, binti wa shangazi Hana, na katika ukoo wetu wanawake wa upande wa mume hukigeuza ndani nje mbele ya watu wote, wakague ususi, kabla ya kukitia mtama. Baba yuko kwenye kazi ya reli ya Wajerumani, mama yuko shambani, hivyo nikitoka shule tunabaki wawili, mimi na bibi, nami nilichora mpango wa kikapu kwenye kibao changu cha shule, mistari saba myeusi, nikahesabu kila uzi, bibi akacheka, "Mke mwenzangu, kikapu hakijui kusoma," lakini akakubali, tukasokota pamoja nyuzi za magome ya mbuyu, nyingine tukazizika kwenye tope jeusi siku nne ziwe nyeusi, na mimi nisiye na maneno mbele za watu niliongea mpaka koo likakauka. Ila macho yake yameingia ukungu, anashika uzi mweusi akidhani mweupe, ndipo nikaanza kufumua, na sasa anajisifu, juzi alimwambia shangazi, "Wewe macho mazima na kikapu chako kinavuja mtama! Shika hapa uone mkono wa mtu mzima," shangazi akashika, akanitazama, nikainama.

Baada ya miezi miwili naenda shule ya bweni Mvumi, na arusi ni baada ya hapo. Nikisema, nitamvunja moyo. Nikinyamaza, ataaibishwa nisipokuwepo. Tafadhali usichape jina langu.

Mwanafunzi, Ugogo

Binti yangu,

Una moyo mwema na kichwa kigumu. Bibi yako amesokota nyuzi tangu mama yako hajazaliwa, nawe unadhani hatambui uzi uliokazwa na mkono mwingine? Yaliyopungua ni macho, si vidole. Tena sema kweli: humlindi bibi tu, unailinda na ile mistari yako saba.

Acha kufumua leo. Mwambie mkiwa wawili, shangazi asiwepo. Kisha kaa ubavuni pake, umpe uzi mkononi ukitaja rangi, asuke mwenyewe. Na mwombe akufundishe kufunga ukingo wa kikapu, maana huo najua huujui.

Mwanafunzi huyo ametuandikia tena:

Nilimwambia tukiwa tunabangua karanga. Hakuinua kichwa. "Nilijua tangu safu ya tatu," alisema. "Unakaza kama mtu anayeogopa."

"Mbona ulinyamaza, bibi?"

"Ningesema, ungerudi kwenye vitabu vyako."

Nilikifuta kibao. Nikawa nampa nyuzi, "nyeusi, bibi, nyeupe, bibi," na katika mstari wa sita tulicheka sana, ukapinda, tukauacha. Ukingo tulimaliza siku mbili kabla sijaondoka.

Arusini sikuwepo. Shangazi anasema mama mkwe wa Priska alikigeuza, akauliza mbona mstari ule umepinda. Bibi akamjibu, "Hapo mjukuu wangu alikuwa akinichekesha." Wakakitia mtama.

Mimi nimekuja bweni na fungu la magome. Jioni, nikimaliza kusoma, nasokota, na ninajitahidi nisikaze.