Gato ya Ghorofa Tatu na Gari Iliyokuwa Ikiruka

Bunia, Jumapili alasiri. Mvua ya asubuhi imekwisha, vumbi limelala, na hewa ina ule ubaridi mtamu unaomfanya mtu avae sweta bila kulalamika. Mgongo unaniuma. Kucha zangu zina grisi ambayo sabuni imeshindwa nayo. Leo kanisani nilipompa mchungaji mkono, aliutazama kwanza kabla ya kuupokea.

Nina furaha kama mjinga.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa frigo, natengeneza majokofu. Naishi Ngezi na mke wangu Solange, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Gloire, kwa jina la binti yetu anayesoma Kisangani. Solange anapika gato, yaani keki, za arusi na za ubatizo. Na tuna gari moja ambayo hata polisi wa barabarani hawajui waiite nini.

Haikutoka kiwandani ikiwa gari. Ilikuja zamani ndani ya masanduku, vipande vipande, imeagizwa na mfanyabiashara mmoja wa kahawa ambaye aliondoka mjini kabla hajayafungua. Mjomba wangu Faustin, aliyekuwa dereva wake, ndiye aliyeyafungua. Alichukua shasi iliyochoka ya Coccinelle, ile gari ndogo ya Kijerumani yenye mgongo wa kobe, akaifupisha, akaipachika ule mwili wa fiba uliokuwa masandukuni, ikatoka hii tuliyo nayo: haina milango, haina paa ila turubai, na taa zake mbili zimetokeza juu kama macho. Mjomba alipohamia Mambasa kulima, aliniachia. Watoto wa mtaa wanaiita Chura.

Chura anaruka. Ndiyo shida yenyewe.

Mwezi uliopita tulipeleka gato ya ubatizo karibu na soko, ikafika kama bugali. Wageni waliila kwa kijiko, wakasifu utamu, wakacheka kwa upole. Solange naye alicheka. Lakini njiani kurudi hakusema neno, na mke wangu akinyamaza, afadhali mvua ya mawe.

Kwa hiyo alipoahidi kumpikia Rachel gato ya arusi, nilijua kwamba neno hilo halitaishia jikoni.

Rachel ni binti wa Papa Ezekieli, mkulima wa Djugu. Walikimbia vita kwao usiku, kwa miguu, na godoro moja. Walikaa kambini, halafu wakapata vyumba viwili vya kupanga huko Mudzipela. Tunasali pamoja. Tangu niwafahamu, nimewaona kwenye matanga ya watu wengi, lakini sijawahi kuwaona wakialika watu wao wenyewe kwenye jambo la furaha. Arusi hii ndiyo ilikuwa ya kwanza. Rachel alimwonyesha Solange picha kwenye simu: gato nyeupe, ghorofa tatu, maua ya sukari yakishuka ubavuni. Aliionyesha kwa aibu, kama mtu anayeuliza tu. Solange akamwambia hiyo itakuwa zawadi yetu.

Jioni hiyo alinikuta nyuma ya nyumba.

“Weye na Chura yako mukae mbali na hii arusi,” alisema. “Nitatafuta wamama wawili. Tutabeba gato ku kichwa, kutoka hapa mpaka Mudzipela.”

“Ku kichwa? Na hizi mvua?”

“Kichwa yangu haiangushake vitu.”

Iliniuma. Siwezi kuficha hapa. Nikaona picha ya mke wangu akipita mjini na gato kichwani, watu wakiuliza, na mumewe ana gari? Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa, siku moja kabla ya arusi. Alikubali, lakini akasema Ijumaa si Jumamosi.

Nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa nilivyoumia. Mbele ya Chura kuna mabomba mawili ya chuma, yamelala kutoka gurudumu moja hadi jingine. Ndani ya kila bomba kuna fungu la vyuma vyembamba vilivyolaliana kama karata. Gurudumu likipanda jiwe, vyuma hivyo vinanyongwa, halafu vinajinyoosha. Hizo ndizo resore zake. Pembeni kuna amotisere, ambazo kazi yake ni kuituliza gari ili isiendelee kudunda baada ya jiwe kupita.

Nilipofungua, nilikuta amotisere zimekauka siku nyingi, ukizivuta zinakuja kama pampu ya baiskeli mbovu. Pete zinazoshika mikono ya magurudumu zilikuwa zimelika hadi zikawa na umbo la yai. Ile mikono ilikuwa ikicheza, kushoto kulia. Nilishangaa kwamba tulikuwa tukienda kanisani na kitu hiki na kurudi hai.

Pete nilimpelekea Musa, fundi wa kuchonga chuma, akanitengenezea mpya za shaba. Zilikuwa nzuri hata nikazitembeza mfukoni siku nzima kabla ya kuzifunga. Kuhusu amotisere nilijiona mjanja. Nilipata za pikapu, nene, nzito, za gari inayobeba mbao za msitu. Nilijiambia: chenye nguvu ndicho kitashinda barabara za Bunia. Nikachomelea vishikio, nikazifunga, nikajipongeza kwa chai.

Jumatano tulifanya jaribio. Solange aliketi nyuma na beseni la uji mapajani, kwa sababu, alisema, uji haudanganyi. Tulikwenda mpaka njia panda na kurudi.

Chura hakuruka tena. Alipiga. Kila shimo lilipanda moja kwa moja kupitia kiti hadi kwenye meno. Tuliporudi, uji ulikuwa kwenye kitenge cha Solange, kwenye kiatu chake na kwenye sikio langu, na sijui uliruka vipi kufika huko.

Solange alishuka polepole, akajitazama.

“Papa Gloire,” akasema, “hii gari iko nyepesi kama chapati. Juu ya nini umeivalisha viatu ya askari?”

Nilikwenda nikakaa juu ya pipa, nikakasirika vizuri.

Lakini neno lile lilikataa kuondoka. Nilinawa uji sikioni, likarudi. Chapati. Nikasimama, nikashika pua ya Chura kwa mikono miwili, nikainyanyua. Ilinyanyuka! Si magurudumu, lakini mwili wote wa mbele ulipanda kama mtu anayeamka. Coccinelle ilikuwa na mwili wa chuma, milango, vioo, kiti cha nyuma na familia ya watu sita. Vile vyuma ndani ya mabomba vilitengenezwa kubeba huo mzigo wote. Mjomba aliuondoa mzigo, akaweka fiba, na vyuma akaviacha vilevile. Miaka yote hiyo Chura alikuwa akiruka kwa sababu nguvu zilimzidi. Na mimi nikamwongezea.

Kilichohitajika ni kupunguza.

Ni rahisi kuandika hapa. Alhamisi, nikiwa nimevitoa vile vyuma vyote na kuvipanga juu ya gunia, haikuwa rahisi hata kidogo. Kupunguza maana yake ni kukata. Baadhi ya vyuma unavikata, unabakiza vipande vifupi vya kujaza katikati na kwenye ncha ili vilivyobaki vikae imara. Lakini vyuma hivyo havitengenezwi Bunia, na sijui mtu anayeviuza. Ukikata vingi mno, gari inalala tumbo chini, na imekwisha. Chuma kilichokatwa hata ukipigie magoti hakirudi.

Nilishika msumeno, nikauweka chini. Nikaushika tena.

Solange alikuja kutoka jikoni, mikono imejaa unga. Nilifikiri atasema maneno. Alichuchumaa, akakamata ncha ya pili ya chuma kwa nguvu zake zote ili kisitetemeke.

“Kata,” akasema.

Nikakata.

Zile amotisere za askari niliziondoa, nikapata nyembamba kutoka kwa teksi ndogo iliyokufa, bado zikiwa na pumzi. Ijumaa mchana kila kitu kilikuwa mahali pake, grisi imejaa, pete za shaba zinang'aa ndani ambamo hakuna atakayeziona tena. Nikaegemeza mkono juu ya pua ya Chura, nikakandamiza. Ilishuka. Ilipanda. Ikatulia.

Nilirudia mara nyingi, kama mtoto aliyepata kichezeo kipya.

Tulirudi njia panda na beseni la uji. Safari hii niliendesha bila kugeuka nyuma, naogopa kutazama. Tulipofika nyumbani niliona beseni limebaki nusu.

“Imemwagika?”

“Nimeikunywa,” akasema Solange. “Ilikuwa imetulia.”

Jana, basi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na barabara ya Mudzipela ilikuwa imechanika. Ghorofa tatu za gato zilikuwa kila moja ndani ya sanduku lake, ile kubwa juu ya sponji, ya kati ubavuni mwake, na ndogo yenye maua Solange aliipakata, sanduku likiwa wazi juu ili maua yasiguswe. Niliendesha malembe malembe, hata mzee mmoja mwenye baiskeli iliyobeba ndizi alitupita na kutusalimia. Pikipiki zilipiga honi nyuma yangu mpaka zikachoka. Sikujali. Chura alikuwa akielea. Sina neno jingine.

Halafu, tulipokaribia soko, pikipiki moja iliyobeba watu wawili na mbuzi ilikata mbele yetu. Nikakanyaga breki na kugeuza usukani, na hapo ndipo nilipouona mtaro ambao mvua ilikuwa imeuchimba katikati ya njia. Nilikuwa nimechelewa. Gurudumu la kushoto liliingia lote.

Niliona arusi nzima ikipita mbele ya macho yangu, na wageni wakiwa na vijiko.

Pua ilizama. Nilihisi vyuma vikinyongwa, vikinyongwa zaidi, na nikasubiri kile kishindo. Hakikuja. Chura alipanda ukingo wa pili, akashuka, akatulia, kama mtu aliyepiga goti mbele ya altare na kusimama.

Niligeuka. Ua moja la sukari lilikuwa limeanguka mapajani mwa Solange. Alilichukua, akalitazama pande zote, akalitia mdomoni.

“Endesha,” akasema, akitafuna. “Usiniangalie miye. Angalia njia.”

Rachel hakutakiwa kutoka nje kabla ya wakati, lakini tulipofika alitoka. Aliona Solange akipandisha ghorofa ya tatu juu ya ya pili, akaweka mikono miwili mdomoni, na shangazi zake wakapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuona. Baadaye, gato ilipokatwa, ilisimama wima mpaka kipande cha mwisho. Nimesema wima. Nilikuwa nimeketi mahali ambapo niliweza kuitazama, na sikumsikiliza msemaji hata mmoja.

Watu walipoanza kucheza, Papa Ezekieli alinifuata kwenye gari. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono mifupi kidogo, na krimu kwenye sharubu. Alizunguka Chura polepole. Akakandamiza pua kwa kiganja, akaona inavyoshuka na kupanda.

“Papa Gloire, hii inapita mu matope?”

“Kidogo.”

“Na mu mawe?”

“Malembe malembe, ndiyo.”

“Kwetu mawe iko mingi.” Alicheka, akakandamiza tena. “Siku njia itafunguka, siye tunataka kwenda kuangalia nyumba. Kama ingali inasimama. Mama Rachel hawezi kupanda pikipiki, magoti inamukataza. Utatupeleka?”

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia kwamba nimekata vyuma kwa ajili ya gato, kwamba Chura sasa ameshuka, tumbo liko karibu na ardhi, na kwamba jiwe moja la barabara ya huko linaweza kumpasua. Maelezo yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini yeye hakuwa anauliza kwa huzuni. Alikuwa anauliza kwa furaha, kama mtu anayepanga safari ya sikukuu, na sijawahi kumsikia akitaja nyumba yake kwa sauti ile.

“Nitawapeleka, Papa,” nikasema.

Akanipiga begani, akarudi kucheza. Anacheza vibaya sana, Mungu amsamehe.

Solange alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani. Hakuna kinachompita. Alingoja mpaka tulipofika nyumbani.

“Umemuahidi.”

“Nimemuahidi.”

“Basi inua gari.”

Ndiyo maana leo, badala ya kulala kama mtu wa Jumapili, nimekuwa chini ya Chura na tochi, nguo za kanisa nimezivua kwa bahati. Njia ipo. Ule mshiko wa katikati ya bomba, unaokamata vyuma, unaweza kukatwa na kugeuzwa kidogo, kisha kuchomelewa upya. Pua itapanda na ulaini utabaki. Kama vidole vinne hivi. Labda vitano, kwa sababu ya yale mawe. Na chini ya injini nitafunga bamba la chuma.

Kesho asubuhi nina frigo ya duka la dawa, haiwezi kungoja. Mchana nitapita kwa Musa.

Sijui njia ya Djugu itafunguka lini. Hakuna anayejua, na wanaosema wanajua hawajaenda. Ninachojua ni kwamba siku Papa Ezekieli atakapokuja kubisha hapa na mkewe na mizigo yao, sitaki kumwambia asubiri gari.